Siku Ambayo Wilf Hakuwepo

Wilfred Ormerod alikata nyayo za ndara za nyumbani kwa miaka arobaini na mmoja katika kiwanda kimoja cha mji wetu mdogo wa Bacup, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akipandisha sauti zaidi ya mara mbili. Mimi nilikuwa meza ya pili kutoka kwake, nikishona vitambaa vya juu, kwa hiyo mengi ya kiwandani niliyaona mwenyewe. Ya nyumbani nimeyapata kwa mkewe, Enid, mwanamke asiyejua kusema uongo hata akijaribu, na mbele mtasikia jinsi alivyojaribu.

Kisukari kilimpata Wilf akiwa na miaka ishirini na tisa. Alikonda hadi suruali ikawa inashikiliwa na mkanda tu. Siku hizo sindano zilikuwa za kioo, na Enid alizichemsha kila asubuhi katika sufuria ndogo ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Baadaye zikaja za plastiki za kutupa, lakini mwendo ulikuwa uleule: dunga, subiri nusu saa, kula. Dunga, subiri, kula. Mara chache sukari ilimshuka kazini, nasi wa meza za jirani tulizijua dalili. Kwanza jasho kwenye paji la uso, kisha maneno yanaanza kugongana. Tulimtia peremende mdomoni, na dakika kumi baadaye anatuuliza nani kamfichia kofia yake. Hakuwahi kumgusa mtu. Mara moja tu alijaribu kumkata mwenzetu nywele kwa kisu cha nyayo, lakini kwa upole kabisa, akimwuliza kama anataka zibaki ndefu nyuma.

Kiwanda kilipofungwa mwaka tisini na tatu, Wilf akapewa kazi ya kutunza uwanja wa nyasi wa klabu yetu ya matufe. Huo ni mchezo wa wazee wa kwetu: unaviringisha tufe zito la mti juu ya nyasi zilizonyolewa hadi zikawa kama zulia, ukitafuta kulikaribia tufe dogo la shabaha. Nahodha wa timu alikuwa Cyril Entwistle. Cyril na Wilf walikaa dawati moja shuleni, wakaoa mwaka mmoja, wakazika wazazi wao mwaka mmoja. Cyril alikuwa mtu wa maneno mengi, Wilf wa machache, na hivyo walitoshana.

Masika ya mwaka tisini na sita Cyril akamwondoa Wilf kwenye timu ya Jumatano, baada ya miaka ishirini na miwili. Alimwambia kwenye baa, mbele ya watu, na hapo ndipo alipokosea.

"Macho yako, Wilf. Siku hizi unaliviringisha tufe kama unamtupia mbwa mfupa."

"Na wewe taya lako, Cyril. Siku moja mtu atakuja kulifunga, na mji mzima utapumzika."

Watu wakacheka. Cyril naye akacheka, kidogo. Wilf hakucheka. Alimaliza bia yake ya nusu painti, akavaa kofia, akaenda zake. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa videvu tu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni klabu ilikuwa na wageni, timu ya kijiji cha jirani. Chakula cha mchana kiliahidiwa saa sita kamili: pai za nyama na njegere. Gari la kuleta pai likaharibika njiani. Saa sita ikapita, saa sita na nusu ikapita, wageni wakaanza kuangalia saa zao. Kama saa saba kasorobo hivi watu wakamwona Wilf akizunguka ukingoni mwa uwanja, amefunga vifungo vya shati pasipo pake, jasho linamtoka, mkononi ana tufe. Alikuwa akiongea peke yake. Mgeni mmoja akasema, "Mtunza uwanja wenu kaanza mapema leo," akiashiria chupa. Cyril akaona aibu kwa ajili ya klabu. Akamwendea, akamshika mkono.

"Wilf, kaa chini, bwana. Unatuaibisha."

Wilf akageuka, akampiga kwa lile tufe. Mara moja tu. Taya likavunjika mahali pawili na meno matatu yakaanguka kwenye nyasi. Kisha Wilf akaketi palepale, akavua kiatu na kujaribu kukivaa mkononi.

Mke wa Cyril, Mavis, ni mtu wa kwetu hasa. Mumewe amelala anavuja damu, watu wameshamzunguka na taulo, yeye anamwona Wilf anatetemeka kama kifaranga, basi anafanya ambalo mama yake angefanya na bibi yake angefanya: anamletea chai. Sukari vijiko vinne. Akamshikia kikombe mdomoni hadi akaimaliza. Kisha akapanda gari la wagonjwa pamoja na mumewe. Wilf akachukuliwa na polisi.

Kituoni wakampa chai nyingine na andazi lenye jemu. Daktari wa polisi alipofika kumpima damu ilikuwa saa tisa kasoro, na sukari ilikuwa juu, juu sana. Akaiandika. Wilf alikuwa amesharudi akilini, amekaa wima na kofia magotini, akiuliza kwa adabu kwa nini yupo pale. Wakamwambia.

"Sikumbuki," akasema. "Lakini kama Cyril anasema ni mimi, basi ni mimi. Cyril si mwongo."

Maneno hayo yakaandikwa, naye akayatia sahihi. Akashtakiwa kwa kumjeruhi mtu vibaya kwa kusudi, kisha akaachiwa kwa dhamana asubiri kesi.

Jambo lililomsumbua Wilf si kifungo. Alichokumbuka cha mwisho kilikuwa kusuuza birika nyumbani asubuhi. Baada ya hapo palikuwa na ukuta, na upande wa pili wa ukuta alikuwa amekaa kituoni. Katikati palikuwa na saa tano za maisha yake ambazo watu wengine wote walikuwa nazo ila yeye. Alienda kwa kila mtu aliyekuwepo siku ile akiomba aelezwe, kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Mmoja alimwambia alikuwa amekasirika. Mwingine alimwambia alikuwa anacheka. Wa tatu aliapa kwamba Wilf alisema "pumzika sasa" kabla ya kupiga. Wilf akarudi nyumbani akiwa na vipande zaidi na picha pungufu.

Kule baa, kila mtu akawa wakili.

"Sema ulikuwa unajitetea," mmoja akamshauri. "Yeye si ndiye aliyekushika kwanza? Mtu akikushika, una haki ya kujikinga."

"Kujikinga na nini? Na Cyril?" mwingine akadakia. "Huyo hupigwa hata na paka wake. Sema ulikuwa umelewa, hukujua utendalo."

"Hanywi zaidi ya nusu painti, we bwege. Nani atamwamini?"

"Basi aseme alilazimishwa."

"Na nani?"

"Na Enid!"

Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mwenye baa, mwanamke mpana mwenye sauti kama honi, akawafokea: "Mwacheni mzee wa watu anywe. Nyie wote kesi yenu ya mwisho ilikuwa leseni ya mbwa."

Wilf alizipeleka kauli zote tatu kwa wakili wake, kwa sababu hakujua ipi ya mzaha na ipi ya kweli. Wakili aliitwa Philippa Rudge, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye mafaili mengi na muda kidogo. Hakumcheka. Akamweleza kwamba kujitetea kunahitaji mtu awe ameona hatari, hata kama amekosea kuiona, na yeye hakumbuki kuona chochote. Ulevi wa kujitakia haumsafishi mtu, na juu ya hayo hakuwa amelewa. Kulazimishwa tusikuzungumzie.

"Sasa sikiliza, Bwana Ormerod, maana hapa ndipo penye kesi yako. Asubuhi ile ulijidunga insulini kabla ya chakula cha mchana, au hukujidunga?"

"Sikumbuki."

"Jaribu."

"Binti yangu, najaribu tangu Juni."

Akavuta kiti karibu. "Sheria yetu inauliza hivi: kilichokuvuruga akili kilitoka nje yako au ndani yako? Insulini inatoka kwenye chupa. Hicho ni kitu cha nje. Ukijidunga, chakula kikachelewa, sukari ikashuka, ukavurugika, sheria inasema mwili ulitenda bila mwenyewe. Huna hatia, nenda nyumbani kwako."

"Vizuri."

"Lakini kama ulisahau kujidunga na sukari ikapanda, basi kilichokuvuruga ni ugonjwa wenyewe, kitu cha ndani. Na hicho sheria inakiita wazimu."

Wilf akamtazama. "Kisukari ni wazimu?"

"Kwa daktari, sivyo. Kwa sheria, katika kesi kama yako, ndivyo. Hukumu itasema huna hatia kwa sababu ya wazimu. Jaji anaweza kukupeleka hospitali, anaweza kukuweka chini ya uangalizi, anaweza hata kukuachia tu. Lakini neno litaandikwa."

"Kwa hiyo kama nilidunga, mimi ni mzima wa akili. Kama sikudunga, mimi ni kichaa."

"Karibu hivyo."

"Na mkono ni uleule."

"Uleule."

"Na taya la Cyril ni lilelile, limevunjika palepale."

"Ndiyo, Bwana Ormerod."

"Basi," akasema Wilf, "inaelekea aliyevurugika si mimi peke yangu."

Philippa Rudge akatabasamu, kisha akakumbuka kwamba hajamaliza. Kulikuwa na mlango wa tatu. Kama alijidunga akijua kabisa kwamba asipokula anaweza kumdhuru mtu, na bado akajiachia, utetezi ule unaweza kumponyoka. Hapo Wilf aliacha kufuata. Enid anasema alirudi nyumbani siku hiyo akasimama jikoni na koti lake, akauliza, "Enid, mimi ni mtu gani?" na Enid akamwambia avue viatu, sakafu imepigwa deki.

Kipimo cha kituoni kilikuwa upande wa wazimu. Sukari juu, maana yake hakujidunga, alisema daktari wa upande wa mashtaka. Daktari wa upande wetu akasema mtu aliyeporomoka, akanyweshwa chai mbili zenye sukari, akala na andazi, sukari yake itapanda tu, na kipimo cha saa mbili baadaye hakisemi lolote juu ya saa saba kasorobo. Chai ya Mavis ilikuwa imefuta nyayo. Ikabaki swali lilelile: nani alimwona akijidunga?

Hapo ndipo Enid alipojaribu. Jioni moja wakiwa mezani akaweka uma chini.

"Nitasema nilikuona."

"Ulikuwa kwa msusi."

"Nitasema nilikwenda baadaye. Wewe siku zote hudunga, Wilf. Miaka thelathini hujaruka hata moja. Si uongo huo. Ni kweli ambayo haikupata shahidi."

"Na kama siku ile niliruka?"

"Hukuruka."

"Unajuaje? Mimi mwenyewe sijui, na mwili ni wangu."

Enid akaanza kulia kwa hasira. "Unataka waandike mume wangu ni mwendawazimu? Nitapita vipi sokoni?"

"Sitaki," akasema Wilf. "Lakini siwezi kuapa nisilolijua, na wewe huwezi kuapa usiloliona. Tukianza hivyo hatutajua tena lipi lilitokea na lipi tumelitunga. Mimi sasa hivi sina hata hicho kidogo cha kupoteza."

Enid, kwa ukaidi wake, akaenda hata hivyo kwa Philippa Rudge, akaketi, akafungua mdomo, akawa mwekundu kama nyanya. Wakili akamwambia, "Mama, kabla hujaniambia lolote, nikukumbushe kwamba watamwita msusi wako atoe ushahidi." Enid akafunga mdomo, akaomba maji, akarudi nyumbani.

Kesi ilisikilizwa Novemba, katika mahakama ya Taji, ile ya kesi nzito, huko mji mkubwa. Philippa Rudge alikuwa amemweka wakili wa kusimama mahakamani, bwana mrefu mwenye wigi lililokuwa likimteleza. Baraza, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kama mtu ana hatia, lilikuwa la watu kumi na wawili: wanawake saba, wanaume watano, na mmoja wao alikuwa na mafua kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Wilf alikaa kizimbani na suti yake ya maziko. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za ndugu wa mbali.

Mwendesha mashtaka alianza na baa. Taya. Siku moja mtu atalifunga. Je, mabwana na mabibi wa baraza, mtu anaweza kutishia taya mwezi wa Aprili, akalivunja taya lilelile mwezi wa Juni, kisha akasema hakuwepo? Na kama kweli hakuwepo, akaongeza, basi ni ugonjwa wake uliomwondoa, na sheria ina jina lake kwa hilo.

Cyril akaitwa. Taya lilikuwa limeunga lakini upande mmoja ulikuwa umekaa vibaya, na maneno yalimtoka kwa kuteleza. Hakumtazama Wilf. Alieleza tulivyoeleza: vifungo, jasho, mkono, pigo. Wakili wa Wilf akasimama, akarekebisha wigi. Alikuwa na maswali mawili tu kwenye karatasi, na hili alilouliza halikuwemo. Philippa Rudge aliniambia baadaye kwamba alipolisikia alitamani kumvuta joho anyamaze, maana hakuna aliyejua jibu lake.

"Bwana Entwistle, asubuhi ile, kabla ya tukio, uliwahi kumwona Bwana Ormerod?"

"Nilimwona."

"Wapi?"

"Kwenye kibanda cha vifaa. Saa tano na nusu hivi. Nilikwenda kuchukua kamba ya kupimia."

"Alikuwa anafanya nini?"

Cyril akajishika taya. "Alikuwa amekaa juu ya ndoo. Shati amelifungua. Anajidunga tumboni."

Barazani, yule wa mafua alishikilia kitambaa bila kupenga.

"Mliongea?"

"Nilimwambia, ukimaliza njoo unyooshe ule ukingo wa kusini, wageni wanautazama. Akasema, Cyril, nahitaji kula baada ya hii. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Aprili. Nikamwambia, pai ziko njiani, utakula na wenzako, wacha kudeka. Akaenda kunyoosha ukingo."

"Kwa nini hukuwaeleza polisi haya?"

"Waliniuliza alinipigaje. Nilikuwa nimefungwa waya mdomoni, naandika kwenye daftari. Hakuna aliyeniuliza habari za sindano. Nami sikujua kwamba sindano ina maana yoyote. Nilidhani alinipiga kwa sababu ya timu." Kisha, kwa mara ya kwanza, akamtazama Wilf. "Mpaka leo sijui."

Wilf alikuwa amefungua mdomo. Enid anasema alionekana kama mtu anayeonyeshwa picha yake mwenyewe mahali ambapo hajawahi kufika. Alikuwa amejidunga, basi. Alikuwa ameomba chakula. Hata sasa hakukumbuka.

Zamu yake ilipofika, mwendesha mashtaka alikuwa ameshageuza tanga. Wazimu ukawekwa kando. Sasa hoja ilikuwa mlango wa tatu. Kibandani, kwenye msumari, lilipatikana koti la Wilf, na mfukoni mlikuwa na peremende sita.

"Ulijua ukijidunga usipokula utavurugika?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa na peremende."

"Wanasema hivyo. Huwa ninazo."

"Kwa nini hukula?"

"Sijui, bwana. Labda nilidhani pai zinakuja. Labda nilikuwa nimeshaanza kuchanganyikiwa, na mtu akishaanza hiyo ndiyo kazi yake, hajui kwamba ameanza."

"Ulikuwa na hasira na Bwana Entwistle?"

"Nilikuwa nayo."

"Uliwahi kutaka kumpiga?"

"Mara nyingi."

Wakili wake akafumba macho. Mwendesha mashtaka akasogea nusu hatua.

"Na siku ile?"

"Siku ile sikuwepo," akasema Wilf. "Ningekuwepo ningekujibu. Ningependa sana kukujibu."

Jaji, mzee mwenye sauti kavu, aliwaeleza wale kumi na wawili sheria kwa saa nzima. Kama wana hakika kwamba alijua anachofanya, ana hatia. Kama huenda mwili ulikwenda wenyewe kwa sababu ya dawa, na hakuwa ametambua kwamba kuchelewa kula kungeweza kumfanya amdhuru mtu, basi hana. Aliwaambia wakumbuke ushahidi kwamba katika miaka thelathini hakuwahi kumpiga mtu. Nami nilikuwa nimetoa ushahidi huo mwenyewe siku iliyotangulia, pamoja na habari ya kisu na nywele, ambayo haikusaidia kama nilivyotarajia. Nilimwona mwanamke mmoja wa baraza akiandika, akifuta, akiandika tena. Walitoka saa nane. Walirudi saa tisa na robo.

Hana hatia.

Enid akakaa chini ghafla kama aliyekatwa kamba. Sisi wa Bacup tukapiga makofi, karani akatunyamazisha. Wilf alibaki amesimama kizimbani hadi askari akamgusa kiwiko, akamwambia, "Mzee, umemaliza. Nenda nyumbani."

"Kwa hiyo sikufanya?" akauliza Wilf.

Askari akakuna kichwa. "Huna hatia, mzee."

"Nimesikia. Nimeuliza kama nilifanya."

Watu walidhani angefurahi. Alifurahi kidogo, kwa ajili ya Enid, ambaye alikwenda sokoni Jumanne iliyofuata na kofia mpya. Lakini kazi ya uwanja aliiacha. Akaanza kujitoboa kidole kupima sukari kila saa, hata kanisani, hata katikati ya kuongea na mtu, hadi ncha za vidole zikawa ngumu kama ngozi tulizokuwa tukikata. Alikuwa anajilinda na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Nilimwambia mara moja, "Wilf, mahakama imekuachia." Akasema, "Mahakama ilinijua zaidi yangu. Wao walikuwa na mashahidi."

Cyril alikuja Februari, theluji ikianza kuyeyuka. Enid alimfungulia, akamwonyesha sebule, akaenda jikoni akaacha mlango wazi. Wazee wawili wakakaa.

"Taya vipi?" Wilf akauliza.

"Linapiga kelele nikitafuna. Mavis anasema kama bawaba."

"Samahani, Cyril."

"Kwa lipi? Umeambiwa huna hatia."

"Ndiyo maana sijui niombe samahani ya namna gani."

Cyril akakohoa. "Mimi nilikuambia wacha kudeka. Mtu ananiambia anahitaji kula, namwambia wacha kudeka. Hilo nalikumbuka vizuri sana. Nani atanishtaki mimi?"

Wilf akafikiri. "Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua kidogo."

Jikoni Enid aliacha kupangusa sahani.

"Niambie kitu kimoja," Wilf akasema. "Wewe ndiwe uliyekuwa karibu kuliko wote. Nilipogeuka, uso wangu ulikuwaje? Ulikuwa wa mtu aliyekasirika?"

Cyril hakujibu haraka, na Enid anasema hilo ndilo lililomfanya amsamehe yote. Alifikiri kweli.

"Ulinitazama kama mtu anayetafuta miwani yake," akasema. "Mara ukaipata. Kisha ukanipiga. Sasa ulipoipata, uliniona ni mimi au uliona nini, hilo siwezi kukuambia, rafiki yangu. Nimeliwaza usiku na mchana."

Wilf akatikisa kichwa polepole. Hakuridhika, lakini hakumwomba aseme vingine. Enid akaleta chai, na Cyril akaichovya biskuti yake hadi ikalainika.

Miaka miwili baadaye bahasha ya serikali ikaanguka mlangoni kwa Ormerod. Enid alidhani kesi imefufuka, akaketi ngazini nayo mapajani. Haikuwa kesi. Kompyuta mahali fulani ilikuwa imechota majina kwenye orodha ya wapiga kura, na Bwana Wilfred Ormerod alikuwa akiitwa kukaa barazani, mmoja wa watu kumi na wawili.

"Andika wewe mgonjwa," Enid akamwambia. "Una barua za daktari za kujaza kabati."

"Siumwi siku hiyo."

"Unajuaje?"

"Nitapima."

Akaenda, na suti ileile na peremende mfuko huu na mfuko huu. Kesi ilikuwa ya kijana aliyempasua mwenzake kwa chupa, akidai alidhani anavamiwa. Ilichukua siku tatu. Wilf hakueleza zaidi ya hapo, maana ya barazani hayatolewi nje, naye alikuwa mtu wa kushika neno. Siku ya tatu alirudi jioni mapema, akapachika koti, akaosha mikono.

"Mmeamuaje?" Enid akauliza.

"Siruhusiwi kusema."

"Lakini mlielewa?"

Wilf akavuta kiti, akatazama sahani yake ya viazi na nyama. "Kumi na mmoja walielewa saa ileile," akasema. "Mimi niliwaomba tukae kidogo zaidi. Walikasirika. Tulikaa kidogo zaidi."

Kisha akachukua uma, akaanza kula.